Itifaki za Mitandao ya Vihisi Pasiwaya Mbele ya Mto Nabuyonga: Uhakiki wa Kipimo cha Uhai wa Mtandao

Ikisiri

Kwa zaidi ya miaka ishirini, tafiti za itifaki za mitandao ya vihisi pasiwaya zimepima ubora kwa kigezo kimoja kikuu: muda ambao betri za nodi zitadumu. Makala hii inakihakiki kigezo hicho kwa kukiweka mbele ya Mto Nabuyonga, unaopita katikati ya Jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda. Inachunguza itifaki tatu zilizoathiri sana uwanja huu, yaani LEACH, Directed Diffusion na RPL, pamoja na njia iliyofuatwa na miradi ya upimaji wa hali ya hewa Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba, kwa mto wa mafuriko ya ghafla, kipimo kinachofaa ni muda unaopita tangu maji yaanze kupanda mlimani hadi mkazi wa bondeni apate habari akiwa bado na nafasi ya kuondoka. Sehemu kubwa ya muda huo hupotea mahali ambapo watunzi wa itifaki hawajaelekeza macho.

1. Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha katika miteremko ya Mlima Elgon. Nabuyonga, Namatala na mito mingine ilivunja kingo zake ndani na kandokando ya Mbale. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, nyumba na biashara zilisombwa, na mabomba ya maji safi yakakatika. Eneo hilo lilikuwa na kumbukumbu za maafa ya karibu. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya udongo yalikifukia kijiji cha Nametsi, Bududa. Tarehe 11 Oktoba 2018 zamu ilikuwa ya Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo. Tarehe 27 Novemba 2024 maporomoko mengine yaliua watu Bulambuli.

Baada ya maafa ya namna hii husikika wito wa kuweka mifumo ya tahadhari inayotumia vihisi. Wito huo ni wa haki, lakini huficha swali ambalo mshauri wa sera hana budi kuliuliza kabla ya kutia saini: mtandao wa namna gani, na umepimwa kwa kigezo gani?

Nodi ya mtandao wa vihisi ni chombo kidogo chenye kihisi, kichakataji, redio na chanzo cha umeme, aghalabu betri. Nodi moja peke yake haina manufaa makubwa. Nguvu yake hutokana na makubaliano kati yake na wenzake: nani aseme, lini, kwa nani, na nani abaki macho kusikiliza. Neno itifaki, ambalo Kiswahili kimelirithi kutoka Kiarabu likiwa na maana ya makubaliano, linaieleza hali hii kwa usahihi. Makubaliano yoyote hugawa mizigo, na yanaweza kuhakikiwa kwa kuuliza ni nani anayebeba na ni nani anayefaidika.

2. Maji ya Jinja na maji ya Mbale

Jinja na Mbale ni miji ya ukanda mmoja, na yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Hata hivyo, maji yake hayafuati saa moja. Jinja, mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria na ambapo bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, usawa wa maji umefuatiliwa kwa vizazi kadhaa. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita kwa sentimita moja rekodi ya mwaka 1964. Kupanda huko kulichukua miezi. Nodi iliyotuma kipimo kimoja kwa siku ingetosha kabisa kulifuatilia ziwa hilo, na nodi iliyolala saa nzima isingekosa jambo.

Nabuyonga ni mto wa aina nyingine. Hushuka kutoka upande wa Wanale, mamia ya mita juu ya mji, katika mwinuko mkali na kwa umbali mfupi. Mvua ya jioni mlimani inaweza kuwa mafuriko mjini usiku huo huo. Nodi inayolala saa moja hapa inaweza kuamka ikakuta maji yamekwisha pita, au ikasombwa kabla ya kuamka. Kwa hiyo sifa ile ile inayoifanya itifaki kuwa bora Jinja, yaani uvumilivu wa kulala muda mrefu, ndiyo inayoweza kuifanya iwe hatari Mbale. Tathmini isiyotaja ni maji gani yanayopimwa haimsaidii mwenye kuamua.

3. LEACH na haki ya zamu

Itifaki ya LEACH iliwasilishwa na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan mwaka 2000, kisha ikapanuliwa mwaka 2002. Wazo lake ni jepesi na la kuvutia. Nodi hujigawa katika makundi, na kila kundi huwa na kiongozi. Wanakundi humpelekea kiongozi vipimo kwa zamu, kila mmoja kwa nafasi yake ya muda. Kiongozi huvijumlisha, kisha huvituma kituo kikuu. Kwa kuwa uongozi humaliza betri, hupokezanwa, ili asiwepo anayekufa mapema kwa kuwatumikia wengine. Ni mgawanyo wa mzigo ulio wa haki, na ndiyo sababu wazo hilo limezaa matoleo mengi katika majarida.

Haki hiyo, hata hivyo, ilipimwa katika uwanja maalumu. Katika majaribio ya kompyuta ya mwaka 2002, nodi 100 zilitawanywa ndani ya mraba wa mita 100 kwa 100, na kituo kikuu kiliwekwa mita 75 nje ya ukingo wake. Kila nodi iliweza kukifikia kituo hicho kwa kuongeza nguvu ya redio. Mto hauna umbo la mraba. Nodi za Nabuyonga zingefuata mstari mwembamba na mrefu, ndani ya mabonde yasiyoonana, na nodi ya juu kabisa isingeweza kuufikia mji hata kwa nguvu zake zote. Pale ambapo zamu ya uongozi inaiangukia nodi isiyoweza kutekeleza kazi ya uongozi, usawa wa zamu hugeuka kuwa ukimya.

Tatizo la pili ni hesabu ya gharama. Kielelezo cha LEACH kinaitoza nodi kwa kutuma na kupokea, na gharama ya kutuma hukua pamoja na umbali. Redio halisi zilizoenea katika uwanja huu zilionyesha sura nyingine. Redio ya CC2420, iliyotumika katika nodi nyingi za utafiti, huhitaji miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu yake ya juu, na miliampea 18.8 inaposikiliza. Yaani kusikiliza kunagharimu zaidi ya kusema, hata kama hakuna anayesema. Betri yenye miliampea-saa 2,500 ingeiweka redio hiyo macho kwa saa 133 hivi, siku zisizofika sita. Ikiwa macho kwa asilimia moja tu ya muda, betri hiyo hiyo ingeihudumia redio kwa mwaka mmoja na nusu, bila kuhesabu matumizi mengine. Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin waliliona jambo hili mapema katika itifaki yao ya S-MAC ya mwaka 2002, iliyozifundisha nodi kulala na kuamka kwa makubaliano. Tafiti zilizoendelea kushindana juu ya nani awe kiongozi wa kundi, bila kuhesabu gharama ya kusikiliza, zilikuwa zikipanga upya mzigo ulio mwepesi.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi kwa mto. Kujumlisha vipimo kunadhani kwamba majirani husema jambo moja. Dhana hiyo inafaa kwa joto la shamba. Katika mto, tofauti kati ya nodi ya juu na ya chini ndiyo habari yenyewe: maji yakipanda juu na kutulia chini, wimbi linakuja. Kiongozi anayepiga wastani wa vipimo viwili hivyo huokoa chaji kidogo na kuifuta dalili pekee iliyokuwa ikitafutwa.

4. Swali la Directed Diffusion na mti wa RPL

Mwaka 2000 huo huo, Chalermek Intanagonwiwat, Ramesh Govindan na Deborah Estrin walipendekeza Directed Diffusion. Hapa mtandao huanza na swali. Kituo hutangaza haja yake, kwa mfano kujulishwa kila usawa wa maji unapovuka kiwango fulani, na kwa kasi gani. Tangazo huenea kutoka nodi hadi nodi, likiacha alama za njia ya kurudi. Majibu yanapoanza kuja, njia iliyo bora huimarishwa na nyingine huachwa zififie.

Sifa ya itifaki hii ni kwamba inaweka haja mbele ya kipimo. Kasoro yake ni kwamba muulizaji ndani yake ni kompyuta tu. Kando ya Nabuyonga wapo waulizaji wengi. Mhandisi wa jiji anataka mfululizo wa vipimo vya msimu mzima ili apange ukubwa wa daraja. Mwenye kibanda karibu na ukingo anataka neno moja, kwa wakati: ondoka. Mtandao uliopangwa kumjibu wa kwanza unaweza kufaulu kwa kila jedwali la tathmini huku ukimkosa wa pili kabisa.

RPL ilikuja baadaye, mwezi Machi 2012, ikiwa kiwango rasmi cha jumuiya ya wahandisi wa intaneti kinachojulikana kama RFC 6550. Ilikuta ardhi imekwisha andaliwa: kiwango cha redio cha IEEE 802.15.4 cha mwaka 2003 huruhusu fremu isiyozidi baiti 127, ilhali IPv6 hutaka kiungo kiweze kupitisha pakiti ya baiti 1,280, na kazi ya 6LoWPAN ya mwaka 2007 ilikuwa kubana na kukatakata pakiti ili zipite katika mlango huo mdogo. Juu ya msingi huo, RPL hupanga nodi kwa mfano wa mti. Kila nodi hupewa daraja kulingana na umbali wake kutoka mzizi, na kipimo hupanda kupitia mzazi hadi mzizini. Faida yake kwa nchi inayonunua vifaa ni kubwa: kiwango cha wazi hupunguza utumwa kwa muuzaji mmoja.

Pamoja na hayo, mti huu ulikua ukitazama juu. Kupeleka vipimo mzizini ni kazi yake ya asili. Kushusha amri kutoka mzizini, au kupeleka habari kutoka nodi moja hadi nyingine, ni kazi iliyoongezwa. Katika hali ambayo nodi hazihifadhi ramani za njia, ujumbe kutoka kipimo cha mlimani kwenda king'ora cha bondeni hulazimika kwanza kufika mzizini, kisha kurudi. Mzizi ukiwa ofisini mjini na umeme ukikatika, king'ora hakisikii neno, ingawa kila nodi iliyo kati yake na kipimo ingali hai. Mtandao unakuwa na uhai kamili kwa kipimo cha betri, na umekufa kwa kipimo cha mkazi.

Ndani ya RPL imo pia hekima inayostahili kuenziwa, nayo ni taratibu ya Trickle, iliyowekwa katika RFC 6206 ya mwaka 2011. Nodi zikikubaliana, hupunguza mazungumzo hadi kukaribia ukimya. Zikigundua kutopatana, huongeza kasi ya kusema mara moja. Mto wa msimu unahitaji tabia hiyo hiyo: ukimya wakati wa kiangazi na usemaji wa haraka maji yanapopanda. Lakini Trickle huitikia mabadiliko ya mtandao, si ya mto. Kuifunga kasi ya kusema kwenye usawa wa maji ni kazi ya mbunifu wa mfumo, na huachwa nje pale itifaki inapotathminiwa peke yake.

5. Njia iliyochaguliwa Afrika Mashariki

Miradi ya kanda hii imechukua njia tofauti na ile ya vitabu. Mradi wa WIMEA-ICT, uliofadhiliwa na Norwei na kuvishirikisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ulibuni vituo vya hali ya hewa vyenye nodi kadhaa fupifupi: moja juu ya mlingoti, nyingine mita mbili kutoka ardhini, nyingine chini kwa ajili ya mvua na udongo, zote zikizungumza na nodi ya kukusanya iliyo karibu. Kutoka hapo, lango hupeleka vipimo kwa mtandao wa simu. Mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen na John Selker, huweka vituo vingi shuleni, na kila kituo hutuma vipimo chenyewe kwa mtandao wa simu. Mradi wa AirQo wa Makerere, unaopima uchafu wa hewa mijini tangu mwaka 2015, nao hutegemea simu.

Kwa hiyo safari ndefu ya kurukaruka kutoka nodi hadi nodi, iliyojaza majarida, kwa kiasi kikubwa imerukwa. Uamuzi huo una busara. Makala ya Mary Nsabagwa na wenzake ya mwaka 2019 kuhusu kituo imara na cha bei nafuu inaelekeza juhudi kwenye mambo yanayoua vituo kwa kweli, kama vile umeme, ubovu usiogunduliwa na matunzo. Hilo ni sahihisho kubwa kwa fasihi ya kimataifa, ingawa halijapata kutajwa hivyo mara nyingi.

Hata hivyo, mzigo hautoweki, huhama. Kila kituo kinachotegemea simu hutegemea mnara, umeme wa mnara, na salio la data lisiloisha. Kwa takwimu za hali ya hewa, ukimya wa siku mbili ni pengo katika jedwali. Kwa Nabuyonga, ukimya wa usiku mmoja unaweza kuwa usiku ule ule uliohitajika.

Njia ya tatu ni LoRaWAN, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2015. Huziwezesha nodi zenye betri kusikika kilomita kadhaa pasipo nodi za kati, na ukingo wa Wanale unaoutazama mji unaonekana kuwa mahali pa asili pa kuweka lango, ingawa mabonde ya vijito hayaonani na ukingo huo kila mahali. Udhaifu wake unatokana na ukoo wake. Nodi husema pindi zinapotaka, bila kusikiliza kwanza kama hewa ni tupu, kwa desturi iliyoanzia katika mtandao wa ALOHA wa Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na hesabu ya ALOHA asilia inaonyesha kwamba njia hutumika vyema kwa asilimia 18 hivi tu, kisha migongano huzidi. Tathmini nyingi hudhani kwamba nodi husema kwa nyakati zisizohusiana. Mafuriko huvunja dhana hiyo: nodi zote za bonde moja huvuka kiwango cha hatari karibu kwa wakati mmoja, zikapiga kelele pamoja, zikafunikana.

6. Muda unapopotelea

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha mahali pa tatizo. Chukua mnyororo wa nodi kumi kando ya mto. Ikiwa kila hatua hufaulu mara 95 kwa 100, ujumbe utavuka hatua zote kumi kwa uwezekano wa asilimia 60 tu. Ukiruhusiwa kurudiwa mara moja kila hatua, uwezekano hupanda hadi asilimia 97 na nusu. Haya ni mafanikio ya kweli ya itifaki, lakini yana sharti: kushindwa kwa mara ya kwanza kusihusiane na kushindwa kwa mara ya pili. Katika mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, matone ya mvua yenyewe hayapunguzi sana nguvu ya mawimbi. Majani yaliyolowa na migomba iliyoinamia njia ndiyo huyazuia, na hayo hayaondoki kati ya jaribio moja na jingine. Mlingoti uliosombwa haurejei kwa kurudia pakiti.

Upande wa ucheleweshaji, nodi zikiamka kila sekunde moja, kila hatua huchelewesha kwa wastani wa nusu sekunde, na mnyororo mzima sekunde tano. Kama nodi hupima kila baada ya dakika 15, na lango hutuma mara moja kwa saa ili kuokoa gharama ya data, habari inaweza kuchelewa dakika 75. Baada ya hapo kuna seva, ofisi, afisa anayepaswa kuamshwa usiku, na uamuzi wa nani ana mamlaka ya kutangaza. Tafiti zilizoshindana kupunguza sekunde tano ziwe tatu hazikukosea hesabu. Zilichagua sehemu ya njia iliyo rahisi kupimika maabara.

Pingamizi lenye uzito lipo. Nodi iliyokufa haimwonyi mtu yeyote, kwa hiyo uhai wa betri ni sharti la kila kingine. Hilo ni kweli, na makala hii haipendekezi uhai upuuzwe. Inapendekeza uwe sharti la chini, si lengo la juu. Pingamizi la pili ni tahadhari za uongo: mfumo mwepesi wa kupiga king'ora utazoeleka, na watu wataacha kuusikiliza. Hapo ndipo tofauti ya nodi ya juu na ya chini inaporudi kuwa muhimu. Tahadhari inayotegemea nodi mbili au tatu zinazothibitishana kabla ya kupaza sauti ni ya kuaminika zaidi, na kuthibitishana huko ni kazi inayofaa kufanywa kando ya mto wenyewe, si katika seva ya mbali.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu unaelekeza kwenye mambo manne. Kwanza, mradi wowote wa tahadhari ya mafuriko utathminiwe kwa muda unaopita tangu maji yavuke kiwango hadi mkazi apate habari, na ripoti itaje usiku mbaya zaidi, si wastani wa mwaka. Pili, pawepo njia ya ujumbe kutoka kipimo cha juu hadi king'ora cha chini isiyopitia mzizi wa mjini wala mnara wa simu, hata ikiwa njia ya kawaida ni hiyo. Tatu, majaribio yafanyike wakati wa mvua, ndani ya bonde lenyewe, na bajeti itenge fedha za kila mwaka za data, betri na mtunzaji anayeishi karibu. Kifaa kilichonunuliwa bila mtunzaji ni gharama isiyo na huduma.

Nne, hatua ya mwisho ya mtandao ihesabiwe kuwa sehemu ya itifaki. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wake mwezi Julai 2022, mwezi ule ule wa mafuriko ya Mbale. Mbale ni mji wa Lumasaaba, Luganda, Kiswahili, Ateso na Kiingereza. Ni nani atakayesema, kwa lugha gani, kwa sauti ya nani inayoaminika mtaani, na nani amebaki macho kusikiliza: haya ni maswali yale yale ambayo itifaki ya redio hulazimika kuyajibu, na yanastahili kujibiwa kwa ukali ule ule wa kiufundi.

Hata mtandao uliotimiza yote hayo hautampa mkazi wa ukingoni mahali pa kwenda. Anayeishi hapo aghalabu anaijua hatari, na amebaki kwa sababu ardhi nyingine iko juu ya uwezo wake. Dakika 40 za tahadhari zina thamani kwake iwapo ipo shule iliyo wazi usiku, njia ya kuifikia isiyovuka mto, na mtu mwenye ufunguo. Mshauri wa sera anayepokea pendekezo la vihisi kwa ajili ya Nabuyonga ana haki ya kuyauliza hayo katika kikao hicho hicho, kabla ya kuuliza betri zitadumu miaka mingapi.